Mwaga, mwaga! Mwaga kwa nani?

Jumamosi tena pale uwanja wa Mkwakwani, mzee mmoja nyuma yangu kila winga akigusa mpira yeye "Mwaga! Mwagaaa!", yaani apige krosi, mpira wa kutoka pembeni kwenda mbele ya goli. Nikageuka, mzee wangu, amwage kwa nani? Ndani ya kumi na nane, yaani eneo la penati, kuna straika mmoja kabanwa na mabeki watatu. Akaniangalia kama nimemtukania mkwewe.

Nafundisha vijana hapa Tanga na hii imani ya kwamba krosi nyingi ndio kushambulia imenichosha. Februari 2014 Manchester United walimwaga krosi 81 Old Trafford dhidi ya Fulham, Fulham ile ile iliyoshuka daraja msimu huo, ikaisha 2-2. Krosi 81! Mabeki wanaondosha kwa vichwa tu kama wako mazoezini.

Mambo ya mguu ukaeje sijui mwili uegemee wapi, hayo utayapata ukirudia rudia. Mie ninalogombana nalo ni macho. Nina winga mguu wake mtamu balaa ila anainua kichwa akishapiga, yaani anachungulia mpira umeenda wapi! Chungulia kabla ya ule mguso wa mwisho, halafu macho yarudi kwenye mpira, na usitafute mtu bwana, tafuta uwazi, kati ya kipa na mabeki wanaokimbia kurudi golini kwao, hapo kipa anabaki nitoke nisitoke na beki akiugusa vibaya kajifunga. Ila uwazi huo unakaa sekunde mbili tatu tu. Mabeki wakishajaa ndani ya sita, pale mbele ya kipa, we unamwaga cha nini? Ingia mpaka karibu na chaki ya goli urudishe chini, usawa wa penati, mabeki wote wanaangalia golini kwao hawamuoni anayekuja mgongoni, na akiwa nyuma ya mpira hana ofsaidi. Sharti mmoja abaki nyuma asubiri, maana wangu wote wanne hukimbilia golini kama kuna pilau.

Sasa nisiwe muongo, hiyo ya chini kwenye viwanja vyetu vya mashimo inaniumbua sana, mpira unafika unadunda unamruka mfungaji. Na upepo wa kusi ukivuma sijui hata nimfundishe nini kijana. Siku ile ile, jioni jioni, winga kamwaga bila kuangalia popote, upepo ukaukunja mpira, ukazama nguzo ya mbali. Goli.

Nikaguswa bega. "Kocha, umeona kwa nani?"

Nikaagiza kahawa, na ya kwake nikalipa mie.