Kigoma na watoto: anzeni na mawe ya ziwani, Gombe ingoje

Naongoza wageni hapa Kigoma, na chuoni nilisomea samaki. Likizo zikikaribia, ujumbe ninaopokea hufanana sana: "Tunakuja na watoto watatu, wa mwisho ana miaka sita, tunataka sokwe wa Gombe." Jibu langu huwa linawanyong'onyeza wazazi. Watoto wadogo hawaruhusiwi kufuata sokwe msituni, na kwa maoni yangu sheria hiyo ni ya haki kabisa. Mafua tunayoyapuuza sisi yanaweza kumuua sokwe, na ni mtoto gani wa shule asiye na kamasi? Halafu sokwe dume ni mnyama mwenye nguvu za kutisha. Mwaka 2002 dume mmoja maarufu pale Gombe, Frodo, alimnyakua mtoto mchanga wa binadamu na kumuua. Kwa hiyo ulizeni hifadhi umri unaokubalika kabla ya kulipa chochote. Mwenye kijana mkubwa ampeleke, mzazi mwenzake abaki mjini na wadogo.

Na hao wanaobaki mjini, mimi nasema ndio wenye bahati.

Wageni wengi hulitazama ziwa kwa juu tu: maji mazuri, milima ya Kongo ng'ambo, picha mbili tatu, basi. Wanasahau kwamba utajiri wenyewe uko chini, tena kina cha kiuno. Ziwa Tanganyika lina umri wa takriban miaka milioni 9 hadi 12, na kina chake kinafika mita 1,470. Duniani ni Ziwa Baikal la Urusi tu linalolizidi kwa kina. Kwa muda wote huo samaki wa jamii ya sato wamekuwa wakigawana mawe, mchanga na mapango ya humu, hadi leo tunahesabu zaidi ya aina 200, karibu zote hazipatikani mahali pengine popote. Hao ndio samaki wa mapambo ambao watu wa Ulaya huwafuga kwenye matangi ya kioo sebuleni. Mtoto wako anaweza kuwaona akiwa na miwani ya kuzamia tu.

Nendeni ufukwe wa Jakobsen, kusini-magharibi ya mji, njia ya Katonga. Kuna kiingilio. Bajaji inafika, ila patana na dereva mapema saa ya kuwarudia. Mchanga ni mzuri, lakini msikae mchangani tu. Sogeeni pembeni kwenye mawe, mtoto ashikwe mkono, alaze uso majini na atulie. Dakika ya kwanza samaki watakimbia. Ya pili watarudi.

Atakachoona kwanza ni samaki weusi weusi wanaoguguna mwani kwenye mawe, kila mmoja na eneo lake, na ole wake jirani akivuka. Jike la hawa hubeba mayai mdomoni, na hata yakianguliwa vifaranga huendelea kukaa humo mpaka wapate nguvu. Karibu na mwamba mtaona kundi la samaki wadogo wenye mapezi marefu yaliyochongoka. Hao ni familia: watoto waliotangulia hawaondoki, hubaki kuwalinda wadogo zao na kutoa mchanga kwenye pango la wazazi. (Hapo ndipo wazazi huwageukia watoto wao na kusema, "Umeona?") Ninayempenda zaidi ni mwizi wa magamba. Huyu hula magamba ya samaki wenzake, akiwavizia kwa nyuma. Mdomo wake umepinda, wengine kulia, wengine kushoto, na kila mmoja hushambulia ubavu unaolingana na mdomo wake. Mkiona samaki anashtuka ghafla na kugeuka kwa hasira, mtafuteni huyo.

Sasa usalama, na hapa nitakuwa mkali. Ziwa hili lina mamba na viboko. Ulizeni wenyeji kila mnapofika, siku hiyohiyo, kwa sababu mamba hana ratiba. Maji yaliyotulia yenye nyasi, karibu na makazi ya watu, msiingie, maana konokono wa kichocho hupenda sehemu hizo. Yupo pia nyoka wa majini wa jamii ya swila anayekula samaki. Ana sumu, lakini ni mpole na hukwepa watu. Mwacheni apite. Kwenye boti kila mtoto avae jaketi okozi linalomtosha, si la baba yake lililofungwa kamba. Mwenye boti akisema "haina shida, ni hapo tu", tafuteni boti nyingine.

Pangeni siku kwa kufuata upepo. Asubuhi maji huwa yametulia, mchana upepo huamka, na kati ya Juni na Agosti upepo wa kusini ni mkali kweli, mawimbi yanapiga kama ya baharini. Masika huwa na utulivu zaidi kati ya mvua na mvua, ila baada ya mvua kubwa maji ya pembeni huchafuka na samaki hawaonekani. Jambo jingine linalowachanganya watu wa Dar: jua letu linachelewa kwa kama dakika 40, kwa kuwa tuko mbali magharibi. Saa 12 asubuhi bado giza. Upande wa pili mnapata faida, kwani karibu saa 1 jioni bado mnalitazama jua likizama nyuma ya milima ya Kongo.

Mchana wa jua kali ni wa Ujiji. Daladala kutoka mjini hazikosekani. Kuna makumbusho pale Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871, na miembe yake. Watoto huchoka haraka na habari za wazungu wawili kusalimiana, kwa hiyo waelezeni njia yenyewe: misafara ya pembe na watumwa iliyotoka hapa kupitia Tabora hadi Bagamoyo, kwa miguu. Hapo wataanza kuuliza maswali. Na mkiikuta meli ya MV Liemba bandarini, waambieni ilitengenezwa Ujerumani mwaka 1913, ikaletwa vipandevipande, Wajerumani wakaizamisha wenyewe mwaka 1916 baada ya kuipaka mitambo grisi, Waingereza wakaiibua mwaka 1924.

Kibirizi, mwalo wa wavuvi, ni kwa familia zinazoweza kuamka mapema. Wavuvi wa dagaa hukesha ziwani na taa, na alfajiri ndipo mzigo unashuka. Tazameni kalenda kwanza: wakati wa mbalamwezi taa hazina kazi, wavuvi hupumzika, na mtakuta mitumbwi imelala. Ombeni ruhusa kabla ya kupiga picha, na msisimame njiani kwa wanaobeba.

Chakula hakina ugomvi. Ombeni migebuka, samaki wa humu ziwani, wa mawese kwa ugali wa muhogo, na mkimpata kuhe msimwache. Huyo ni miongoni mwa wakubwa kabisa katika jamii ya sato duniani.

Dagaa wa kwenda nao nyumbani nunueni siku ya mwisho. Chagueni walioanikwa kwenye chanja, si chini mchangani. Chukua mmoja, mvunje: akikatika kwa mlio, amekauka. Akipinda tu, atanuka kwenye treni kabla hamjafika Tabora, na behewa zima litajua mmetoka wapi.