Kichwa kisipouma, presha bado yaweza kuwapo

Kuna ujumbe usiokauka kwenye magrupu: presha ikipanda utaijua tu, kichwa kitauma na kisogo kitakaza, ukijisikia mzima, acha dawa. Si kweli. Wengi wenye presha ya juu hawasikii chochote kwa miaka, huku mishipa ya damu, moyo na figo vikiumia polepole.

Cha kuaminika ni kipimo. Kaa umetulia dakika 5, mgongo umeegemea, miguu sakafuni, mkono juu ya meza usawa wa moyo, na usiongee (hapa wengi hukosea, wanapiga soga na nesi). Namba ya juu ikifika 140 au ya chini 90, katika vipimo vya siku tofauti, hiyo ni presha.

Mkanganyiko unaeleweka. Presha ikipanda mno, kichwa huweza kuuma kweli. Tena anayemeza vidonge namba zake hushuka, akadhani amepona, kumbe ni dawa inafanya kazi. Akiacha, inapanda tena kimyakimya.

Ujumbe huo ukikufikia, tafadhali usiusambaze. Anayeona dawa zinamsumbua amwambie daktari kabla ya kuziacha, kwani mara nyingi zinaweza kubadilishwa.