Kompyuta ya Kwanza ya Gemu: Soma Kibandiko cha Pawa Saplai Kabla ya Kulipa

Vijana wanaonijia hapa Kampala wakitaka kuunda kompyuta ya kwanza ya gemu huniuliza karibu wote swali moja: ninunue kadi gani ya michoro? Swali hilo lina haki yake, kwa kuwa kadi ndiyo inayochora kila kinachoonekana kwenye skrini na ndiyo inayostahili kula sehemu kubwa ya bajeti. Hata hivyo, mimi huwarudisha kwanza kwenye kifaa wanachokiachia chenji iliyobaki, yaani pawa saplai, kile kisanduku kinachogawa umeme kwa mashine nzima.

Mmoja aliniletea ya bei ya chini iliyoandikwa wati 500 kwa herufi kubwa ubavuni. Ilikuwa nyepesi mno mkononi na nyaya zake zilikuwa nyembamba. Tulipokisoma kibandiko, mkondo wa volti 12 ulikuwa na ampea 18 tu. Ukizidisha unapata wati 216, na huo ndio mkondo unaolisha kadi na prosesa, yaani ubongo wa kompyuta. Alikuwa amepanga kununua kadi ya Radeon RX 6600, ambayo hutumia wati 132, pamoja na prosesa ya Ryzen 5 5600 inayokadiriwa wati 65, nayo huvuka hapo kidogo ikifanyishwa kazi nzito. Hakuna cha maana kilichokuwa kinabaki kwa feni na diski, wala kwa ule umeme wa ziada ambao kadi huvuta ghafla mchezo unapopamba moto.

Umeme wetu wa volti 240 nao huyumba, hasa unaporudi baada ya kukatika. Niliwahi kupoteza madabodi nzima, lile bao kuu linalounganisha sehemu zote, namna hiyo, kwa sababu pawa saplai niliyoinunua kwa kubana senti ilipokufa haikufa peke yake. Alama ya 80 Plus kwenye pawa saplai inasaidia, lakini ieleweke kwamba inapima jinsi umeme unavyotumika bila kupotea; haithibitishi kinga. Kwa mashine ya aina hii nashauri ya wati 550, kutoka kwa mtengenezaji anayejulikana na anayetoa dhamana.

Sehemu nyingine hazina ugumu mkubwa. RAM, yaani kumbukumbu ya muda, iwe vipande viwili vya GB 8, si kimoja cha 16, ili prosesa isome njia mbili kwa pamoja. SSD, yaani diski ya kasi ya kuhifadhia, ya GB 500 inatosha kuanzia. Ukinunua madabodi ya B450 iliyokaa sana dukani, mwombe muuzaji aihuishe BIOS, yaani programu ya ndani ya madabodi, kwanza, la sivyo huenda isiitambue 5600. Kadi ya mitumba usiilipie kabla hujaiona ikiendesha gemu kwa nusu saa.

Wapo wanaoanza na kompyuta kuukuu za ofisini, na siwalaumu, kwani ni nafuu kweli. Nyingi, hata hivyo, hutumia pawa saplai za umbo lao wenyewe ambazo huwezi kubadilisha kirahisi, kwa hiyo tafuta kadi ya GTX 1650 isiyohitaji waya wa ziada wa umeme. Hiyo hutosheka na wati 75 za kwenye madabodi.

Fedha zikipungua, usiiguse pawa saplai. Chukua Ryzen 5 5600G badala ya 5600, kwa sababu ina michoro yake ndani, ilhali 5600 bila kadi haitoi picha kabisa. Utacheza gemu nyepesi kwa miezi kadhaa, na siku utakapopata kadi utahitaji bisibisi tu.