Kijiji cha Battir hakikuwa jangwa

Kazi yangu ni kuongoza mahujaji wa Afrika Mashariki, Wakristo na Waislamu, wanaokwenda Jerusalem na Bethlehem. Basi likipita vilima vya kusini-magharibi mwa Jerusalem, hakosi mtu wa kusema kwa uhakika kabisa, "Kabla ya 1948, Israeli ilipoundwa, hapa palikuwa jangwa tupu." Wenzake huitikia kwa kichwa. Neno hili nimelisikia mno, na linaniudhi, kwa sababu jibu lake liko nje ya dirisha lilelile la basi. Nitajibu kwa kijiji kimoja tu cha wakulima wa Kipalestina: Battir, kilichopo kilomita chache magharibi mwa Bethlehem.

"Palikuwa jangwa"

Jangwa lipo nchi hiyo, sikatai. Negev iko kusini, na ukiteremka kutoka Jerusalem kwenda Yeriko unapita nyika kavu kwelikweli. Lakini vilima vya Jerusalem hupata takriban milimita 500 za mvua kwa mwaka, kiasi kisichopishana sana na cha Dodoma. Tofauti ni kwamba mvua yote hunyesha majira ya baridi, kisha kuanzia Mei hadi Septemba mbingu hufunga. Wengi wenu huja Agosti, mnakuta majani yamekauka na mawe yanang'aa juani, mnatoa hukumu. Kila mwaka nashauri vikundi vije Februari au Machi, milozi ikiwa imechanua. Wachache hunisikiliza.

Sasa tazama Battir kwenyewe. Daftari za kodi za 1596 za Waosmani, Waturuki waliotawala nchi hiyo, zinakitaja kijiji hiki, na wakulima wake walikuwa wakitozwa kodi ya ngano na matunda. Jangwa halitozwi kodi ya ngano. Mteremko mzima umekatwa matuta, na kila tuta limezuiwa kwa ukuta wa mawe yaliyopangwa bila saruji. Ukuta wa namna hiyo hupitisha maji ya ziada na kubakiza udongo. Mgeni wangu aliyekulia Machakos huelewa papo hapo bila maelezo: tuta ni kazi isiyoisha. Jiwe moja likianguka na lisirudishwe, mvua za baridi mbili tatu hubeba udongo wote hadi bondeni.

Maji ya bustani hutoka kwenye chemchemi, hukusanyika katika birika la tangu enzi za Warumi, kisha hushuka kwa mifereji hadi kwenye bilinganya, nyanya na mboga nyingine. Ugawaji ndio unaonivutia kuliko yote. Kijiji kina koo kubwa nane, na zamu ya maji huzunguka kwa siku nane, kila ukoo na siku yake. Kina cha maji birikani hupimwa kwa fimbo, ili kila mwenye zamu ajue haki yake. Utaratibu kama huo haubuniwi na watu wanaopita njia. Reli ya Jaffa hadi Jerusalem ilipofunguliwa mwaka 1892, Battir ikapata kituo, na mboga zake zikawa zinapanda treni kwenda kuuzwa mjini.

Hapo wengine hunionyesha misonobari ya kijani na kuniambia, "Ona basi Waisraeli walivyopanda miti." Misitu hiyo imepandwa kweli. Lakini shuka garini uingie ndani yake: sehemu nyingi utakuta matuta yaleyale, milozi iliyoachwa, na mipungate iliyokuwa uzio wa nyumba za watu. Sataf, magharibi mwa Jerusalem, ilikuwa kijiji cha Wapalestina hadi Julai 1948. Leo matuta yake yamekarabatiwa na wageni hupelekwa kuonyeshwa kilimo cha kale. Wengi hutoka hapo bila kuuliza wakulima wa mwisho walikwenda wapi.

"1948 waliondoka wote kwa hiari yao"

Tarehe 9 Aprili 1948 wapiganaji wa Irgun na Lehi, makundi ya Kiyahudi yenye silaha, waliua zaidi ya watu 100 katika kijiji cha Deir Yassin, nje kidogo ya Jerusalem. Habari zilipoenea, wengi wa Battir walikimbia na watoto wao. Mimi siiti hiyo hiari. Walibaki wachache, wakiongozwa na Hasan Mustafa, mwalimu aliyesomea Cairo. Usiku waliwasha taa katika nyumba zisizo na watu, mchana walianika nguo, ili anayetazama kutoka ng'ambo ya bonde aamini kwamba kijiji kimejaa. Kijiji hakikutekwa. Israeli na Jordan zilipotia saini mkataba wa kusitisha vita huko Rhodes, Aprili 1949, reli ilibaki upande wa Israeli, na Battir, iliyobaki upande wa Jordan, ikakubaliwa kuendelea kulima mashamba yake ya ng'ambo ya mstari wa kusitisha vita kwa sharti kwamba treni isiguswe. Wenyeji wakarejea. Jirani zao wa al-Walaja hawakupata bahati hiyo: kijiji chao kilivunjwa, na waliorudi walijenga upya upande wa pili wa bonde, sehemu kubwa ya ardhi yao ikiwa imekwenda.

"Mstari wa Kijani ulitenganisha mashamba ya pande mbili"

La. Mstari huo, ndio ule wa kusitisha vita wa 1949, ulichorwa katikati ya mashamba ya watu walewale. Uulize mzeituni.

"Wayahudi hawakuwahi kufika hapo"

Hili husemwa zaidi na ndugu zangu Waislamu, nalo si kweli. Juu ya Battir kuna magofu ya Betar, ngome ya mwisho ya uasi wa Wayahudi ulioongozwa na Bar Kokhba, iliyoangushwa na Warumi mwaka 135. Wenyeji wenyewe hupaita Khirbet al-Yahud, yaani magofu ya Wayahudi. Historia hiyo haimfanyi mkulima wa leo kuwa mgeni, wala yeye hahitaji tuifute ili shamba liwe lake.

"UNESCO imeshakiokoa"

Israeli ilipotaka kupitisha ukuta wa utengano bondeni, wanakijiji walikwenda Mahakama Kuu ya Israeli pamoja na wanamazingira, na hata mamlaka ya hifadhi za asili ya Israeli yenyewe iliupinga mpango huo. Juni 2014 UNESCO iliandika matuta ya Battir katika Urithi wa Dunia, na siku hiyohiyo yakawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Mwaka uliofuata ujenzi ukasimamishwa. Lakini Agosti 2024 serikali ya Israeli ilitenga takriban dunamu 600, yaani hekta 60, kwa makazi mapya ya walowezi ya Nahal Heletz, ndani ya eneo hilohilo la urithi.