Kukaza Nguzo ya Dansi Hakutoshi Bila Dari Imara

Watu wengi wanaotafuta nguzo ya kuchezea dansi nyumbani huamini kwamba ile isiyohitaji skrubu, inayokazwa kati ya sakafu na dari, inaweza kusimamishwa katika chumba chochote mradi ikazwe kwa nguvu. Imani hiyo ni ya hatari, kwa sababu nguzo ya namna hiyo hushikiliwa na msuguano unaotokana na mgandamizo, na mgandamizo huo hauwezi kudumu ikiwa juu yake hakuna kitu kigumu cha kuupokea. Dari la jipsamu, ambalo nyumba nyingi zetu zilizoezekwa kwa bati huwa nalo, ni ubao mwembamba uliofunika uwazi. Ukizidi kukaza, litapinda au kupasuka, na mchezaji aliyening'inia kichwa chini ataanguka pamoja na nguzo. Kinachofaa ni zege la ghorofa au boriti nene ya mbao, nguzo ikiwa imenyooshwa kwa pima maji. Pasipokuwa na hayo, ni afadhali kununua nguzo yenye jukwaa lake, ingawa ni nzito, ni ghali na huhitaji nafasi kubwa.

Unene wa nguzo nao hauongezi usalama kama inavyodhaniwa: kipenyo cha milimita 45, kinachotumika katika mashindano, huwafaa wengi kwa kuwa kiganja hukizunguka vizuri. Ambaye ngozi yake huwashwa na nikeli aepuke nguzo ya kromu, kwani chini ya kromu mara nyingi huwa na tabaka la nikeli, achague iliyopakwa rangi ya unga, yaani rangi ya poda inayogandishwa kwa joto.