Pasherenptah, kuhani anayepitwa haraka

Anayecheza Assassin's Creed Origins, gemu ya Ubisoft iliyotoka mwaka 2017, hukutana na Pasherenptah mjini Memphis, humsikiliza kidogo, kisha huondoka kwenda kumwinda adui mwingine. Mimi, ambaye kazi yangu ni kusoma maandishi ya makaburi ya Misri ya kale, nilisimamisha mchezo nilipomwona. Huyu si mtu wa kubuniwa: jiwe lake la kaburi na la mkewe Taimhotep yamo katika Makumbusho ya Uingereza, London.

Katika gemu, fahali mtakatifu Apis anaugua, na nyumba ya kuhani ina majonzi ya uzazi. Ni rahisi kuyaona majonzi hayo kuwa mambo ya chumbani tu. Lakini ukuhani mkuu wa mungu Ptah ulirithiwa, baba akimwachia mwana, na mwenye cheo hicho ndiye aliyewatawaza wafalme wa ukoo wa Ptolemy kwa desturi ya Kimisri. Pasherenptah alikipata mwaka 76 KK akiwa na miaka 14, na jiwe lake linajivunia kwamba ndiye aliyemvika taji Ptolemy wa 12, baba yake Cleopatra. Kukosa mrithi katika nyumba kama hiyo kuliihusu hata ikulu.

Jiwe la Taimhotep linaeleza kwamba aliolewa akiwa na miaka 14, akazaa mabinti watatu, ndipo yeye na mumewe wakamwomba Imhotep awape mwana; huyu ni yule mwenye hekima wa kale ambaye kufikia wakati huo alikuwa akiabudiwa kama mungu. Imhotep akamtokea kuhani ndotoni, akataka patakatifu pake pashughulikiwe. Kuhani akatii, na mwaka 46 KK akazaliwa mvulana aliyepewa jina la mungu huyo. Kwa kuwa gemu inatufikisha Memphis mnamo 48 KK, waandishi wake wamewakuta wanandoa hao katika miaka yenyewe ya kungoja, na hilo nawasifu.

Taimhotep alifariki mwaka 42 KK, akiwa na miaka 30 hivi. Katika jiwe lake ni yeye marehemu anayesema, akimsihi mumewe asichoke kula, kunywa na kupenda, kwa kuwa Magharibi, yaani makao ya wafu, ni nchi ya usingizi na giza. Mumewe alimfuata mwaka uliofuata. Mvulana wao alirithi ukuhani akiwa bado mtoto, akafa mwaka 30 KK, mwaka uleule Alexandria ilipotwaliwa na Roma.