Kabla hujaniuliza tena antivirusi ipi ya seva

Juzi swali limerudi tena. Saa nne na nusu usiku, nimeshazima taa, ujumbe unaingia kwenye simu: "Mkuu, nimefunga seva nyumbani, nitajie antivirusi nzuri." Nikamwuliza hiyo seva, yaani kompyuta inayowaka muda wote kuhudumia nyingine, inafanya kazi gani, ni Linux au Windows, na nani anaifikia kutoka nje. Akanyamaza kama dakika kumi, kisha akaandika: "We nitajie jina tu, nanunua hata ya kulipia."

Hiyo "nanunua" ndiyo iliyonitoa kitandani. Swali hili nimeshalijibu kwenye magrupu ya WhatsApp, kwenye daladala, na mara moja msibani, nikiwa na sahani ya pilau mkononi. Watu wanaichukulia antivirusi kama hirizi: ukishaivaa, unatembea usiku bila wasiwasi. Hirizi huvaliwa shingoni, jamani. Seva haina shingo.

Wa Windows nimalizane nao haraka. Defender, antivirusi ya Microsoft wenyewe, imo humo humo, hata kwenye Windows Server kuanzia toleo la 2016. Iache ilivyo. Usiweke ya pili juu yake, mafahali wawili hawakai zizi moja. Sasisha mfumo, na kama SMB toleo la 1, njia ya zamani ya kushirikiana mafaili kwenye mtandao, bado imewashwa, izime. WannaCry, kirusi cha kudai fidia cha Mei 2017, ilipita hapo, na kiraka cha Microsoft kilikuwa kimetoka tangu Machi. Basi, nendeni mkalale.

Sasa nyie wa Linux, ambao ndio mnaonisumbua zaidi kwa sababu mna akili za kufunga Docker (inayoendesha kila programu ndani ya boksi lake, kontena) lakini swali lenu ni lile lile.

Antivirusi kazi yake kubwa ni kulitazama faili na kulilinganisha na saini ilizonazo, yaani alama za virusi vinavyojulikana, ikiongeza makisio kidogo. Kwenye laptopu hilo lina maana, kwa sababu kwenye laptopu kuna mtu. Mtu anapokea barua pepe, anabofya ankara isiyo ankara, faili linafunguka, antivirusi inalidaka. Seva haina mtu. Imekaa juu ya kabati la vyombo, haina kioo wala kibodi, haisomi barua pepe ya mtu wala haidaiwi ankara. Inachofanya ni kusikiliza kwenye poti, milango yake ya mtandao, na kuitika inapoitwa. Mvamizi hahitaji umbofyee chochote. Anaongea na programu inayosikiliza, na akikuta ina tundu, au nywila yake ni admin, yumo ndani. Akishaingia anatumia vifaa vyako mwenyewe: curl yako ya kupakulia, bash yako ya kuandikia amri, cron yako ya kazi za ratiba. Utaitafutia saini gani cron?

Nina mfano wa nyumbani kabisa. Shemeji yangu alinunua kompyuta ndogo ya mtumba, zile zinazotoka maofisini, akaigeuza seva ya picha za familia na filamu. Alikuwa mwangalifu kwa namna yake: ClamAV, antivirusi ya bure, inapekua kila usiku saa nane, ripoti inakuja kwenye simu. Ripoti ilisema mafaili yaliyoambukizwa ni sifuri. Kesho yake sifuri. Alinionyesha, zilikuwa siku kumi na tisa mfululizo za sifuri, na alikuwa anajisikia vizuri sana. Dada ndiye aliyeanza kulalamika kwamba uniti za LUKU zinakwisha mapema, na kwamba lile dude juu ya kabati linavuma kutwa kucha kama kibanda cha kusaga.

Nikaingia, nikaandika top, amri inayoonyesha programu zinazotumia mashine. Mstari wa juu kabisa: kdevtmpfsi, CPU asilimia 390 na ushei. Kiini cha Linux kina uzi wake halali unaoitwa kdevtmpfs. Huyu kaongeza "i" mwishoni ili ukipita haraka umdhanie mwenyeji. Alikuwa anachimba sarafu ya kidijitali ya Monero, kwa umeme wa shemeji.

Aliingiaje? Kwenye ruta, kufungua poti mojamoja kulimshinda, akawasha DMZ, maana yake kila kinachogonga kutoka nje kinatupwa moja kwa moja kwenye seva. "Lakini nina faiawoli," akaniambia, na kweli alikuwa nayo. Ufw, ndiyo faiawoli yenyewe, ilikuwa imewashwa, inaonyesha poti za 22, 80 na 443 tu. Hapa naomba mtulie kidogo, maana nimeona hata mafundi wanaolipwa wanaanguka hapa. Docker ikipewa amri ya kutangaza poti, inaandika kanuni zake yenyewe kwenye iptables, kichujio cha mtandao cha Linux, na paketi zinazokwenda kwenye kontena zinapita njia ambayo kanuni za kawaida za ufw hazikai. Ufw itakuapia kwamba poti imefungwa, nayo iko wazi. Haidanganyi makusudi, haijui tu. Shemeji alikuwa na kontena la Redis, aina ya hifadhidata, limetangazwa kwa -p 6379:6379, bila nywila, kwa sababu mwongozo alionakili uliandika hivyo. Angeandika 127.0.0.1:6379:6379, yaani isikilize ndani ya mashine yenyewe tu, hadithi ingeishia hapo. Kwa kweli hakuwa na haja ya kutangaza chochote, programu yake ya picha ilikuwa kwenye mtandao ule ule wa Docker.

Na ile antivirusi? Ilikuwa inapekua /home, folda za watumiaji. Nilipoielekeza /var/lib/docker, folda ya Docker, ilimkuta mchimbaji palepale, na shemeji akaruka: "Si unaona inafanya kazi!" Tukafuta. Dakika chache baadaye feni ikaanza tena kuvuma. Tukafuta tena. Mara ya tatu akaacha kuniambia inafanya kazi. Kulikuta faili na kuliziba tundu lililoliingiza ni kazi mbili tofauti, na antivirusi inajua hiyo ya kwanza tu. Tuliua kontena lote, tukalijenga upya bila poti, tukazima DMZ. Feni imenyamaza hadi leo.

Na alikuwa na bahati kwamba Redis yake ilikuwa ndani ya kontena. Ingekuwa imefungwa moja kwa moja kwenye mashine na inaendeshwa kama root, mtumiaji mwenye madaraka yote, kuna mbinu ya siku nyingi: mvamizi anaiamuru Redis ihifadhi data yake kwenye folda ya /root/.ssh kwa jina authorized_keys, na ndani ya hiyo data ameweka ufunguo wake wa SSH, njia ya kuingia kwenye mashine kutoka mbali. Kisha anaingia kama mwenye nyumba. Sasa niambie, antivirusi itaona nini pale? Mstari wa maandishi, wa aina ile ile uliyoweka wewe mwenyewe ili uingie kutoka kwenye laptopu yako. Hakuna kirusi hapo. Kuna mtu ana ufunguo.

Mfano mwingine ninaoupenda, ingawa si vizuri kusema unapenda balaa la watu. Aprili 2021 wenye vifaa vya kuhifadhia data vya QNAP, vile vya kuweka nyumbani na ofisi ndogo, waliamka wakakuta mafaili yao yamegeuka kuwa ya 7z yenye nywila, pamoja na barua ya kudai bitcoin 0.01. Shambulio hilo liliitwa Qlocker. Kilichoyafunga ni 7-Zip, programu halali ya kubana mafaili. Sasa saini ya nini, ya 7-Zip? Na tundu walilopitia, hapa ndipo ninapocheka kwa uchungu, lilikuwa kwenye programu ya kampuni hiyo ya kufanyia bakapu, yaani nakala za akiba.

Nisieleweke vibaya. ClamAV ninayo kwenye seva yangu, na sijaiweka kwa sababu ya seva. Nimeiweka kwa sababu ya flashi.

Mnazijua flashi za stesheneri. Mtoto anapeleka kazi ya shule ikachapwe, anarudi, folda zote zimegeuka shotikati, ukibofya moja umeshaamsha kitu. Halafu anaichomeka kwenye kompyuta ya sebuleni na kunakili kila kitu kwenye folda ya pamoja ya seva (Samba, inayoonekana pia kutoka Windows) "ili visipotee". Hao wadudu ni wa Windows, seva yangu hawaifanyi kitu, wanalala pale kama abiria. Lakini kesho mama yake anafungua folda ile ile kutoka kwenye Windows ya kazini. Hapo seva imekuwa mbebaji. Kwa hiyo folda inayopokea vitu vya watu inapekuliwa, hiyo tu. Ukiwa na Nextcloud, programu ya kuhifadhi mafaili kwenye seva yako mwenyewe, kuna nyongeza inayopeleka kila faili linalopakiwa kwa ClamAV kabla halijakaa. Seva ya barua pepe vilevile, ingawa ukiniambia unajifungia seva ya barua pepe nyumbani nitakuuliza kwanza nani kakukosea. Kama seva yako haipokei faili la mtu mwingine, sioni kazi ya antivirusi humo.

Na kabla hujaiweka, pima RAM. Clamd, sehemu ya ClamAV inayokaa ikisubiri, hupakia saini zote kwenye kumbukumbu, inakula zaidi ya GB 1 hata ikiwa imekaa tu. Saini mpya zikija, kwa kawaida hupakia seti mpya huku ya zamani bado ipo, kwa hiyo kwa muda inakula karibu mara mbili. Kwenye Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo ya bei nafuu, ya GB 2 kiini kinaishiwa kumbukumbu, kinatafuta mnene wa kuchinja, na siku nyingine anayechinjwa ni hifadhidata yako. Kuna mpangilio, ConcurrentDatabaseReload, ukiuweka no inaacha hiyo tabia ya kushikilia mbili kwa pamoja, ila upekuzi unasimama kidogo wakati wa kupakia. Nyumbani hilo halina shida. Tena faili kubwa kupita kikomo kilichowekwa inaliruka, na zip yenye nywila haiwezi kuiona ndani. Kwa hiyo "sifuri" kwenye ripoti maana yake ni sifuri kati ya vile nilivyoweza kutazama.

Jambo lingine ambalo wauzaji hawaliweki kwenye boksi: antivirusi yenyewe ni programu inayofungua mafaili ya watu usiowajua, mara nyingi ikiwa na madaraka makubwa. Februari 2023 ClamAV ilizibwa tundu la hatari kwenye sehemu inayosoma picha za diski za HFS+, mfumo wa zamani wa Apple. Yaani faili lililotengenezwa kwa ujanja lingeweza kumvamia mlinzi wakati analipekua. Na Julai 2024 sasisho bovu la CrowdStrike, kampuni ya ulinzi wa kompyuta, liliangusha kompyuta za Windows zinazokadiriwa kufikia milioni 8.5 kwa mpigo. Hakukuwa na mvamizi, mlinzi alijikwaa mwenyewe.

Mimi ninachofanya hakina jina la kununua. Hakuna poti iliyo wazi kwenye ruta isipokuwa moja ya WireGuard, VPN yangu ya kuingilia nyumbani, ambayo haimjibu asiye na ufunguo, kwa hiyo kwa anayepita akigonga milango ni kama haipo. Picha, filamu, SSH, vyote naviingilia kupitia hapo. Wengine mtandao wenu unawapa anwani ya IP mnayochangia na majirani, ile inayoanzia 100.64, mnalalamika poti hazifunguki. Mngejua mmeokolewa na mangapi. Ila angalieni IPv6, mfumo mpya wa anwani za mtandao: ukipewa, kila kifaa kinaweza kuwa na anwani yake ya wazi, na ulinzi unabaki kwa faiawoli ya ruta, kama imewashwa.

Masasisho ya Debian, Linux ninayotumia, yanajiweka yenyewe usiku. Kontena hayajisasishi kwa njia hiyo, hilo watu wanalisahau, nami nililisahau karibu mwaka mzima. Bakapu inakaa kwenye diski ninayoichomoa, maana diski iliyochomekwa muda wote itafungwa pamoja na vingine.

Sasa niseme kinachonikosesha raha. Nawahubiria masasisho ya haraka, lakini Machi 2024 mlango wa siri ulikutwa ndani ya xz, programu ya kubana data iliyomo kwenye Linux nyingi, matoleo 5.6.0 na 5.6.1, na ungetufikia kwa njia hiyo hiyo ya masasisho. Ulikuwa umeshaingia kwenye matoleo ya majaribio ya Debian. Aliyeukamata, Andres Freund, aliona tu kwamba kuingia kwa SSH kunachelewa kama nusu sekunde, akakereka. Mimi nusu sekunde nisingeiona, ningesema ni mtandao. Bado nasasisha kila usiku, kwa sababu walionaswa na matundu ya zamani ninawajua kwa majina na walionaswa na xz sijakutana na hata mmoja, lakini si hesabu ninayoweza kuitetea mbele ya mtu mkali. Na kama seva yangu ni safi leo, sina uthibitisho. Nina logi ambazo mtu mwenye root angeweza kuzifuta, na feni isiyovuma.

Yule wa juzi nilimjibu hivi: achana na jina, ingia kwenye seva, andika sudo ss -tulpn, amri inayoorodhesha kila programu inayosikiliza kwenye poti, nitumie kinachotokea. Ikapita robo saa. Akaleta picha ya kioo, ameipiga kwa simu upandeupande, kidole kimeziba kona. Mistari kumi na minne, kumi na moja kati yake ina 0.0.0.0, yaani inasikiliza kila anayegonga. Chini ameandika: "Mkuu, kumbe ni vingi hivi! Hivi ndivyo virusi vyenyewe?"